Kiroba kizito, kiroba chepesi: Nilivyojifunza katuni kwa kitabu cha risiti

MTU akikaa sokoni Mabanda kwa mwezi mmoja tu, hahitaji mizani kujua mpagazi amebeba nini. Mwenye gunia la mahindi hutembea kwa hatua fupi, magoti yamekunjika, na mguu unainuka kidogo tu kutoka ardhini. Mwenye gunia la nguo kuukuu hutembea kama mtu anayewahi mechi ya mpira. Sisi wafanyabiashara wa mpakani tunaliona jambo hilo kila siku, na maofisa wa forodha pale Mugina wanaliona pia. Hakuna aliyelisomea darasani.

Mimi ni muuza vitenge. Lakini kwa miaka kadhaa sasa nina kazi ya pili, kazi ya kuchora katuni zile zinazotembea, ambazo wasomi wa lugha huziita uhuishaji. Ninachotaka kuwaeleza wasomaji katika makala haya ni kwamba siri ya kazi hiyo ni ileile ya mpagazi. Ni uzito. Asiyejua kuuonyesha uzito, hata apewe kompyuta ya namna gani, watu wake wataelea tu. Somo hilo nililipata kwa kitabu cha risiti na kalamu ya risasi, baada ya kupoteza fedha ambazo hazikuwa zangu peke yangu.

Fedha za upatu

Nilirejea Burundi mwishoni mwa mwaka 2012, kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilipofungwa. Nilikuwa nimeingia Tanzania mwaka 1993 nikiwa mgongoni mwa mama, nikarudi msichana wa miaka 20. Wengi mnaosoma hapa mnaikumbuka safari ile: magodoro yaliyofungwa kwa kamba, kuku ndani ya tenga, na kila mtu akihesabu vyake kabla basi halijaondoka. Mimi nilikuwa na shuka mbili, sufuria moja, na mkono uliozoea kuchora. Kambini nilikuwa nikichora kwa mkaa, kwenye kuta za udongo, wale watu wa katuni niliowaona katika kibanda cha video. Mkono huo haukupimwa kwenye mizani wala kuandikwa katika karatasi ya mizigo.

Mwaka 2017 zamu yangu ya upatu ilifika. Tulikuwa wanawake 12, wote wa meza za nguo. Wenzangu walijua nitanunua mzigo wa vitenge, maana ndivyo nilivyowaambia. Badala yake nilivuka mpaka, nikaenda hadi Kigoma mjini, nikanunua kompyuta iliyotumika yenye programu ya kutengenezea katuni. Mwenye duka mmoja alikuwa ameniahidi kwamba nikimtengenezea tangazo la unga, atanilipa vizuri.

Nilifanya kazi majuma matatu. Katika tangazo lile mtu alikuwa anainua kiroba cha unga, anakiweka begani na kwenda nacho nyumbani. Nilipompelekea mwenye duka, alitazama mara mbili bila kusema neno, kisha akawaita vijana wake nao watazame. Wakacheka hadi machozi. "Dada, huyu mtu anaelea," akaniambia. "Na unga wangu umeufanya pamba. Nani atanunua?"

Hakunilipa. Na kusema kweli, alikuwa na haki.

Kompyuta ikaingia chini ya kitanda. Mtaji haukuwapo, na michango ya upatu ilikuwa inanidai bado. Nikakosa majuma manne mfululizo. Anayeujua upatu anajua kwamba ukikosa wewe, anayeumia ni mwenye zamu. Mwenye zamu alikuwa mama wa meza ya jirani yangu, ambaye fedha ile alikuwa ameikusudia kwa shule. Kijana wake mmoja akarudishwa nyumbani. Tangu siku hiyo mama huyo akawa ananisalimu tu kwa sababu kuna watu wanatazama.

Mzee wa mabango

Mwaka 2018 alipita mezani kwangu mzee mmoja kutoka Uvira, upande wa Kongo, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora mabango ya vinyozi na mahoteli. Alikuwa anatafuta kitambaa cha kufutia brashi. Nilimwonyesha lile tangazo katika simu, labda kwa kutafuta mtu wa kunionea huruma.

Hakucheka. Alilirudia mara tano, kisha akasema kwa Kiswahili chao cha kule: "Mama, hii mutu yako haina kilo."

Akaniuliza picha za katikati zimechorwa na nani. Nikamwambia ni kompyuta: mimi nilichora mtu akiwa ameinama na mtu akiwa amesimama, programu ikajaza zilizobaki. "Basi ndiyo sababu," akasema. Programu ile ilikuwa inagawa safari katika vipande vilivyo sawasawa, na hapa duniani hakuna kitu kizito kinachotembea hivyo. Kisha akachukua kitabu cha risiti kilichokuwa mezani, vile vyenye karatasi nyepesi, akaniomba kalamu ya risasi.

Naomba msomaji afuate hatua hizi, maana gharama yake ni kitabu kimoja tu.

Mpira unaoanguka

Unaanzia karatasi ya mwisho ya kitabu, kwenye kona ya chini. Hapo unachora picha ya kwanza. Kisha unaiangusha karatasi inayofuata juu yake, na kwa kuwa ni nyepesi, unaiona ile ya chini na unachora ya pili. Ukimaliza, unapekua kwa kidole gumba kutoka nyuma kwenda mbele, na picha zinatembea. Katika sinema hupita picha 24 kwa sekunde, lakini wachoraji wengi huchora 12 tu na kila moja hupigwa mara mbili. Kwa hiyo kitabu cha karatasi 50 ni sinema ya sekunde nne na kidogo.

Zoezi la kwanza ni mpira, yaani duara lenye ukubwa wa kifungo cha shati. Mzee aliniambia niushushe kwa mapengo yaliyo sawa, sentimita moja kila karatasi. Nikapekua. Mpira ulishuka kama ndoo inayoteremshwa kisimani kwa kamba. Haukuanguka.

Kisha akanipa mapengo mengine. Kutoka picha ya kwanza shuka milimita 2, halafu 6, halafu 10, 14, 18 na 22. Ukijumlisha ni milimita 72, na picha sita baada ya ile ya kwanza. Nikapekua, na safari hii mpira ukaanguka kweli. Nilishtuka kidogo, kama mtu aliyeangusha kitu. Ukigawa mapengo hayo kwa mbili unapata 1, 3, 5, 7, 9 na 11, na huo ndio mwendo wa vitu vinavyoanguka ambao Mtaliano Galileo Galilei aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1638. Picha sita ni nusu sekunde, na nusu sekunde ndiyo muda ambao mpira ulioachiwa kutoka usawa wa kifua huuchukua kufika chini, kwa makadirio.

Kupanda ni kinyume chake. Mpira ukishagonga ardhi unapanda milimita 14, 10, 6 na 2, yaani 32 tu, kwa sababu nguvu nyingine imepotea katika kugonga. Angalia kwamba mapengo ya juu ni yaleyale, 6 na 2. Mruko unafupishwa kwa kuondoa yale mapengo makubwa ya chini, si kwa kuyabana yote. Baadaye unashuka tena 2, 6, 10 na 14, unapanda 6 na 2, hadi unatulia.

Jambo la mwisho katika zoezi hili ni kubonyea na kurefuka. Mpira wa raba ukigonga chini unabonyea na kupanuka, na ukiwa kasi unarefuka kidogo. Lakini ujazo wake hauongezeki wala kupungua. Ni kama tonge la ugali mkononi: ukilibana juu, linatoka pembeni, ila ugali ni uleule. Nilipochora mpira bila kubonyea na ukaruka kidogo tu, ukawa mpira wa chuma. Nilipoubonyeza sana na ukaruka juu, ukawa wa raba. Duara ni lilelile, kalamu ni ileile. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mzee.

Timazi na ncha ya kitenge

Zoezi la pili ni la timazi, ile kamba yenye uzito ambayo waashi hutumia kunyoosha ukuta. Ifunge kwenye msumari, ivute upande mmoja, iachie. Inaanza polepole, katikati inakwenda mbio, na ikikaribia upande wa pili inapunguza mwendo kabla ya kurudi. Kwa hiyo picha zinasongamana kwenye ncha mbili na kuachana katikati. Kamba ya mita moja huchukua kama sekunde moja kwenda upande mmoja, yaani picha 12. Ukiifupisha hadi robo mita, inachukua nusu sekunde, picha sita. Na haipiti katika mstari ulionyooka, bali katika tao. Mkono wa mtu, kichwa kinachogeuka, mguu unaotembea, karibu vyote hupita katika tao. Nilirudi kutazama tangazo langu, nikaona mikono ya yule mtu ikienda moja kwa moja kama droo ya kabati.

Mzee akaniambia nibadilishe, niondoe jiwe la timazi na kuchora utambi wa kitambaa. Hili lilikuwa langu, maana mimi ninashinda na vitambaa vilivyoning'inia. Upepo ukipiga, kitenge huanza kutikisika kule kinakoshikwa, na mawimbi hushuka hadi ncha. Upepo ukikoma, sehemu ya juu inatulia kwanza na ncha inatulia mwisho. Mwanamke anayetembea haraka akisimama ghafla, yeye amesimama lakini pindo la kitenge bado linakwenda mbele, kisha linarudi. Ukiliacha hilo katika picha, nguo inakuwa kama imepakwa rangi mwilini. Zoezi hili nilirudia vitabu vitatu vizima, usiku, baada ya kufunga hesabu.

Kiroba cha unga

Zoezi la tatu ni kiroba, nusu kimejaa unga, chenye pembe nne. Hili si la mzee wangu peke yake. Ni zoezi la zamani sana katika studio za Marekani, na hufundishwa hadi leo. Pembe mbili za juu ni mikono, mbili za chini ni miguu, na hakuna uso. Unatakiwa kukifanya kiroba kihuzunike, kifurahi, kichoke, na kiruke. Kwa kuwa hakina macho wala mdomo, huna pa kujificha. Huzuni yote lazima iwe katika mgongo.

Kiroba changu cha kwanza kiliruka kama kimevutwa na ndoano kutoka juu. Mzee akaniuliza: "Kimejiandaa wapi?" Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika katuni, mtaka cha juu naye huinama kwanza. Kabla ya kuruka, kiroba lazima kishuke, kikusanye unga chini, ndipo kijirushe. Kabla ya kurusha jiwe, mkono hurudi nyuma. Maandalizi hayo ndiyo yanayomwambia mtazamaji kitu kinakuja, na ndiyo yanayomwambia kitu hicho ni kizito kiasi gani.

Akanituma nikae karibu na malori ninapopumzika, nihesabu. Nilihesabu wapagazi siku nyingi. Anayeinua gunia tupu haandai chochote, mkono unakwenda na gunia linakuja papo hapo. Anayeinua gunia lililojaa hupanua miguu kwanza, hushuka, huingiza bega chini yake, na kwa muda fulani mwili unapanda ilhali gunia bado liko palepale. Kisha linaachana na ardhi taratibu. Na likishakaa begani, mtu mwenyewe hushuka kidogo chini ya uzito kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Nilipochora, gunia tupu lilichukua picha sita, na lililojaa lilichukua picha 24: kumi za kujiandaa na kumi na nne za kuinua. Katika tangazo lile la unga, yule mtu wangu alikuwa amemaliza yote kwa picha nane.

Si mambo ya wazungu pekee

Kanuni hizi zina wenyewe walioziandika. Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa siku nyingi wa Disney, walizipanga kuwa 12 katika kitabu chao cha mwaka 1981. Nyingine ni kama kuliweka tendo mahali mtazamaji ataliona, kulikuza jambo kidogo ili lionekane, na kuamua iwapo utachora picha moja baada ya nyingine au utachora zile kuu kwanza na kujaza za katikati. Mfaransa Émile Cohl alikwisha kutengeneza katuni yake ya kwanza mwaka 1908, kwa michoro ipatayo 700.

Lakini Afrika nayo haikukaa kando. Moustapha Alassane wa Niger alichora vyura wake katika filamu ya mwaka 1966. Jirani yetu Kongo, Jean-Michel Kibushi alitoa mwaka 1991 filamu ya chura aliyekwenda ukweni. Nairobi walitengeneza Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010, na Tanzania wakaanza Ubongo Kids mwaka 2014, kwa Kiswahili. Mtoto aliyezaliwa kambini sasa anaweza kuona katuni inayozungumza lugha aliyoijua sokoni.

Aliyetambua mzigo

Deni la upatu nililimaliza mwaka 2019. Sikulilipa kwa katuni, msije mkadanganyika. Nililipa kwa kuuza vitenge vya watu wengine kwa kamisheni, haba na haba. Yule mama wa jirani nilimpelekea fedha zake za mwisho kwa mikono miwili. Alizipokea, akazihesabu, akasema asante. Meza zetu zikaendelea kutazamana.

Mwaka 2022 kikundi kimoja cha wanawake wafanyabiashara kilitaka picha fupi ya kuonyeshana katika simu, kuhusu utaratibu wa biashara ndogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengi hawakuwa wanajua kwamba bidhaa zilizozalishwa katika nchi za Jumuiya, zilizomo katika orodha na zisizozidi thamani ya dola 2,000, hupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani, na mwenyewe hatozwi ushuru wa forodha. Kwa kutokujua, walikuwa wakipita njia za porini na mizigo kichwani, na huko kuna wanaowanyang'anya.

Nilichora sekunde 40, yaani michoro 480, kila mmoja nikiupiga picha kwa simu niliyoifunga kwenye kipande cha ubao ili isitikisike. Ile kompyuta ya chini ya kitanda ilifanya kazi ya kuziunganisha tu. Mwanamke wa katuni yangu anainua gunia la mahindi, analiweka kichwani, anaelekea njia ya porini, anasita, anageuka na kwenda ofisini. Hakuna maneno hadi sekunde ya 25.

Walipoionyesha sokoni, wanawake walijikusanya kwenye simu moja. Yule mama wa jirani alikuwa miongoni mwao. Mwanamke wa katuni alipoinama na kuinuka na gunia, mama huyo alisema, akiwaambia wenzake na si mimi: "Huyo amebeba mahindi. Shingo yake itamuuma jioni."

Nilikuwa nimesimama nyuma na mikono imejaa vitenge. Hakuna malipo niliyopokea mwaka ule yaliyonifaa kama sentensi ile.

Siku mbili baadaye alikuja mezani kwangu mwenyewe. Akaniuliza kitabu cha risiti kinauzwa bei gani sasa, maana kijana wake, yuleyule aliyerudishwa shule, amemaliza madaftari kwa kuchora. Nikamwambia asinunue, ninavyo. Nikampa kimoja, na kwenye karatasi ya mwisho nikamwandikia mtoto zile namba: 2, 6, 10, 14, 18, 22.

Kwa anayetaka kuanza

Siku hizi zipo programu za bure. Kuna Blender na Pencil2D kwa wenye kompyuta, na FlipaClip kwa wenye simu. Sizipingi, nazitumia. Lakini ushauri wangu kwa kijana aliyerejea na hana mtaji ni kwamba asikope kununua chombo kabla mkono haujajua kazi. Chukua kitabu cha risiti. Juma la kwanza mpira, la pili timazi, la tatu na la nne kiroba. Usihamie zoezi la mbele kabla ya kumwonyesha mtu asiyejua kuchora na kumwuliza swali moja: kitu hiki ni kizito au chepesi? Akisita, rudia.

Na mchana ukiwa mpakani unasubiri karatasi zako zigongwe muhuri, usilalamike kwamba foleni ni ndefu. Tazama watu wanavyobeba.